AFYA YA JAMAA: USIFICHE DAMU

Ndugu msomaji wa Kasongo na Kabambare, kuna ugonjwa unaofichwa kwa haya: kansere ya mwisho wa utumbo. Mchimbaji wa Namoya anaona damu chooni, anasema, "Ni amiba tu," ananunua dawa sokoni, anarudi shimoni. Miezi inapita.

Labo inaweza kuhesabu chembe nyeupe za damu. Aina moja, neutrofili, ikizidi sana nyingine, limfositi, mwili unapigana na kitu. Pia kuna CRP, protini ya ini iliyojulikana tangu 1930, nayo hupanda. Kwa mtu ambaye kansere hiyo imekwisha kuonekana kwake, alama hizi zikiwa juu, mara nyingi kupona kunakuwa kugumu zaidi. Basi munganga anamfuata kwa karibu.

Lakini angalia sana! Malaria au kidonda pia vinapandisha alama hizo. Damu peke yake haitambulishi kansere. Lazima munganga apime kwa kidole, atazame ndani, akate kinyama kidogo kipimwe.

Baba, mama, kijana: ukiona damu, au choo kimebadilika na unakonda, sema nyumbani, kisha nenda hospitali. Nenda ungali na nguvu.