Binti Anatafuta Nini Katika Visa Hivi?

Mzazi mmoja wa hapa Mwakitolyo ametuuliza juu ya binti yake. Husoma katika simu visa vya mapenzi ya mashujaa wawili wa filamu, wote wanaume, vilivyotungwa na wapenzi wa filamu hiyo wala si wenyewe waliyoitengeneza. Mwanamke, auliza, apata ladha gani humo?

Hukumu ya sheria yetu juu ya mapenzi hayo yajulikana. Tulichoulizwa ni sababu, nayo fimbo haijibu sababu.

Visa hivi si vya jana. Mwaka 1974 kijarida cha wapenzi wa Star Trek kilitoa kisa cha namna hii, kisha vikaenea vya Kirk na Spock, na watungaji wake wengi walikuwa wanawake. Joanna Russ, mwandishi wa Marekani, alieleza mwaka 1985 kwamba wanawake hao waliona humo mapenzi ya watu walio sawa. Twaona alisema kweli. Katika hadithi nyingi mke hulia, hungoja, huokolewa. Kirk na Spock wote ni maafisa, wote huingia hatarini, na kila mmoja aweza kumwokoa mwenziwe. (Wako pia wasomao kwa kuwa filamu imekwisha nao hawajashiba.)

Basi mzazi, kabla ya kuichukua simu, muulize binti ni wapi amepata kumwona mke akipendwa hivyo. Kisha msimulie Mtume (S.A.W.) alivyoshindana mbio na Bibi Aisha, Bibi akamshinda, na siku nyingine Mtume akamshinda yeye. Chuoni kwetu wasichana hukiomba kisa hicho mara ya pili.