Singeli haikuiba mbuzi wetu



Naomba nafasi katika gazeti hili nieleze jambo linalotukera sisi wakazi wa Gulwe na vijiji vya jirani, wilayani Mpwapwa. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiibiwa. Mbuzi wanachukuliwa zizini, betri zinafunguliwa kwenye pikipiki, hata vyuma vya reli vinang'olewa. Kila mtu ana hasira, na ana haki ya kuwa nayo. Lakini katika kijiji kimoja cha huku kwetu, badala ya mwizi kutafutwa, limetolewa tangazo kwamba chanzo cha wizi ni singeli. Tangu siku hiyo ni marufuku kupiga muziki huo kwenye vibanda, kwenye bodaboda na kwenye sherehe. Mgambo wamepita wakakusanya spika, na vijana waliohoji wameitwa wahuni mbele ya wazazi wao.

Kijana mmoja kinyozi amechukuliwa sabufa yake, na mpaka ninapoandika hajaambiwa imewekwa wapi wala ataipata lini. Hiyo sabufa naijua. Ni ya mbao, kona moja imepasuka ikazibwa kwa gundi, na imechomekwa fleshi inayojirudia kutwa nzima: Msaga Sumu, halafu Rose Muhando, halafu zeze la marehemu Hukwe Zawose, halafu singeli tena. Sisi wazee tunaokaa kwenye benchi kusubiri zamu ya kunyolewa tunasikiliza yote hayo pamoja na vijana. Kama singeli inamtia mtu wizi, basi inatuingia sote sawasawa.

Sitetei kila wimbo. Zipo nyimbo zinazomsifu tapeli na kumfanya mchapakazi aonekane mjinga, na wajukuu wakiwapo huwa nazizima. Wala sisemi muziki hauna nguvu. Aliyewahi kuwaona akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya mapaja, vumbi limewajaa magotini na uwanja mzima unatikisika, hawezi kuniambia kwamba wimbo ni kelele tu. Kwa hiyo swali la kama muziki unaweza kumsukuma mtu kutenda uovu ni swali la haki. Ninachopinga ni kulijibu kwa tangazo la dakika mbili, wakati hapa hapa nchini kwetu liliwahi kujibiwa kwa kesi iliyochukua miaka.

Wengi wamesahau kesi ya Simon Bikindi. Huyu alikuwa mwanamuziki maarufu wa Rwanda. Nyimbo zake zilirushwa na redio ya RTLM wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na watu waliona kwa macho yao mapanga yakifanya kazi huku redio ikiimba. Bikindi alikamatwa Uholanzi mwaka 2001, akaletwa Arusha katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Kama kuna siku ambayo ingekuwa rahisi kwa mahakama kusema "wimbo umeua", ilikuwa siku ile. Majaji hawakukimbilia huko. Walizisikiliza nyimbo, wakapima maneno yake na maana yake kwa Mnyarwanda wa kawaida, wakauliza zilitungwa lini na kwa nia gani, na nani aliyeamua zirushwe hewani wakati watu wanauawa.

Hukumu ilisomwa tarehe 2 Desemba 2008. Majaji walikubali kwamba baadhi ya nyimbo zile zilieneza chuki dhidi ya Watutsi. Hata hivyo hawakumtia hatiani kwa nyimbo, kwa sababu zilitungwa kabla ya 1994 na hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba yeye ndiye aliyehusika kuzirusha mauaji yalipokuwa yakiendelea. Alifungwa miaka 15 kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti kutoka kwenye gari, Juni 1994, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, akiwahimiza Wahutu wawaue majirani zao Watutsi. Alikata rufaa, na mwaka 2010 rufaa ikagonga mwamba.

Nawasihi viongozi wetu waitafakari hukumu hiyo. Mbele ya damu ya mamia ya maelfu ya watu, majaji walitenganisha wimbo unaochafua moyo na mtu anayesimama kuamuru uovu utendeke. Cha kwanza walikilaumu, cha pili wakakiadhibu. Sisi huku, kwa mbuzi wachache, tumeshindwa kuuliza hata swali moja kati ya yale waliyouliza. Wimbo gani? Maneno gani? Nani aliusikia akaenda kuiba? Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Na hoja ya "muziki ndio ulionituma" imewahi kuletwa hata na wahalifu wenyewe. Mwaka 1992 huko Texas, Marekani, kijana aitwaye Ronald Howard alimpiga risasi askari wa barabarani akamuua. Mawakili wake waliomba asipewe adhabu ya kifo, wakisema muziki wa rap aliokuwa akiusikiliza garini ulimchochea. Raia walioketi kuamua adhabu yake walilikataa ombi hilo. Wimbo ukibebeshwa hatia, mwenye kosa anaitua.

Huku kwetu nako tabia ya kuulaumu muziki ina umri mrefu. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, ukidaiwa kuharibu vijana. Vijana wa wakati ule leo ni mababu, wengi wao walikuwa watumishi waaminifu wa taifa hili. Mwaka 2015 Dar es Salaam ilipotaharuki kwa sababu ya magenge ya vijana waporaji yaliyoitwa Panya Road, na jina hilo liliporudi tena mwaka 2022, wapo walioinyooshea kidole singeli na sherehe za mitaani ziitwazo vigodoro kwa sababu zimezaliwa uswahilini, Manzese na Tandale. Lakini Manzese na Tandale hizo hizo zina maelfu ya vijana wanaocheza singeli usiku na kuamka alfajiri kwenda kufungua meza ya mitumba. Viongozi wenyewe huwaita wasanii wa singeli kwenye mikutano ya kampeni ili watu wajae. Muziki hauwezi kuwa halali kura zikitafutwa na ukawa haramu mbuzi akipotea.

Mimi ni mtu wa hapa, na nakumbuka mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, mafuriko yalipoichukua reli kati ya Kilosa na Gulwe. Treni za abiria zilisimama kwa miezi. Akina mama waliokuwa wakikimbilia madirisha ya mabehewa na sinia za karanga, ubuyu na mayai ya kuchemsha walibaki nyumbani, na vijana waliokuwa wakibeba mizigo ya abiria wakashinda wamekaa chini ya miti. Ndipo nilipoanza kuona mabanda ya kuku yakifungwa kufuli. Singeli ilikuwa bado haijatoka uswahilini Dar es Salaam kufika kwetu. Njaa ndiyo iliyokuwa imefika.

Hata njaa siifanyi kisingizio, maana wengi walilala njaa na hawakuiba. Nataka tuutazame wizi wenyewe unavyofanyika. Mbuzi akiibwa saa nane usiku, asubuhi yuko mnadani au machinjioni. Kuna aliyempakia, kuna aliyempitisha bila kibali cha kusafirisha mifugo, na kuna aliyelipa nusu ya bei bila kuuliza ametoka wapi. Taruma la chuma la reli halifichwi mfukoni. Linabebwa kwa toroli au pikipiki, linawekwa kwenye mizani ya mnunuzi wa skrepa, na yule mnunuzi anajua vizuri kabisa kwamba hakuna mwananchi anayemiliki mataruma. Kanuni ya Adhabu inasema anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa ni mkosaji, na kifungo chake kinafika miaka kumi. Huyo ndiye anayeufanya wizi ulipe. Sijasikia mgambo wamepita kwake.

Kuna pia suala la sheria. Kama tatizo ni kelele, isemwe ni kelele. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na inahusu spika zote, za baa, za nyumba za ibada na za kinyozi. Kama tatizo ni maneno machafu ya wimbo fulani, liko Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na limewahi kuzuia nyimbo nyingi tu. Na kama kijiji kinataka sheria ndogo yake, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka wananchi washirikishwe katika mkutano wa kijiji na halmashauri ya wilaya iidhinishe. Sisi hatukuitwa kwenye mkutano wowote. Tulisikia tangazo, kisha tukaona spika zinabebwa.

Kinachoniumiza zaidi ni vijana. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne akakosa nafasi, akakopa akanunua mashine ya kunyolea, hakwenda kuiba. Ukimwita mhuni kwa sababu ya muziki anaousikiliza akiwa kazini, na mwizi wa kweli akaendelea kutembea, umemwonyesha kwamba kufanya kazi na kuiba kunapata heshima moja. Hilo naliogopa kuliko wimbo wowote.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa Mkuu wa Wilaya ya Mpwapwa. Kwanza, spika zote zilizochukuliwa zirudishwe kwa wenyewe, na atakayedaiwa kuvunja sheria aambiwe ni sheria gani. Pili, aitishe mkutano wa hadhara, aje na polisi na watu wa reli, na wananchi tuhakikishiwe usalama wa kuwataja wanaonunua mbuzi na vyuma vya wizi. Majina tunayo.

Mfugaji na mzazi,
Gulwe, Mpwapwa