Nyuki wa mjini wanahitaji kanuni, si marufuku

Nyuki hajui mpaka wa kiwanja. Mzinga ukiwa uani kwa mmoja, nyuki wake hunywa maji kwa jirani na kutafuta maua mtaa wa tatu. Ndiyo maana ufugaji wa nyuki mijini hauwezi kuwa siri ya mwenye mzinga.

Tanzania ina Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Uwezo huo utumike.

Jiji la New York lilipiga marufuku mizinga, kisha mwaka 2010 likairuhusu kwa sharti la kuisajili. Funzo lipo, ila kunakili hakutoshi: nyuki wetu ni wakali zaidi, na wakichokozwa humkimbiza mtu mbali.

Tunapendekeza kila mzinga uandikishwe halmashauri. Nyuki wanaouma wafugwe pembezoni mwa mji, mbali na shule, zahanati na mabanda ya mifugo, na asali irinwe jua likishazama. Penye nyumba zilizobanana, waruhusiwe nyuki wadogo wasiouma. Maji yawekwe karibu na mizinga. Tena, kundi likitua darini, mkazi ajue amwite nani kabla hajashika kiberiti.

Marufuku tupu huwaficha wafugaji, haiwaondoi. Kanuni nyepesi, zinazosimamiwa, zitampa mfugaji asali yake na jirani usingizi wake.