Moto Mmoja, Ibada Mbili

Kila mwaka, ikaribiapo tarehe 3 Juni, njia ziendazo Namugongo, kando ya mji wa Kampala, hujaa halaiki ya mahujaji, wengine wakiwa wametoka Kenya, Tanzania na Rwanda kwa miguu, wakisali rozari na kulazwa usiku na watu wasiowajua. Nami, Mkatoliki, nimehiji pamoja nao, na nanena kwa yakini kwamba kilichoizindua roho yangu si uchovu wa mwendo, wala fahari ya Basilika yenye nguzo 22, hesabu ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, bali ni ule mwendo mfupi wa kutoka hapo hadi kwa Waanglikana, mahali walipochomwa wengi wa vijana wale.

Hapo ndipo iliponidhihirikia maana ya mwaka 1886. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwatenga wanaosali na wasiosali, na mpaka huo ukamtosha. Wengi wa waliohukumiwa, Wakatoliki kwa Waanglikana, wakaviringishwa katika matete wakateketezwa siku moja, na miongoni mwao Kizito, kijana wa miaka kama 14, ambaye Karoli Lwanga, shahidi mwenzake, asiye padre, alikuwa amembatiza siku chache tu kabla. Nilipiga magoti nikiwa na haja zangu tele, lakini ulimi haukuzitaja. Nilijikuta nikiwaombea ndugu wa madhehebu ya pili, ambao tangu utoto nilizoea kuwapita kanisani kwao kwa salamu tu. Tangu siku hiyo siwezi kusali Baba Yetu bila ya kuwahesabu katika hilo neno “yetu”.

Ndiyo maana hunisikitisha kwamba siku ya sikukuu, wana wa mashahidi hao husali katika viwanja viwili, kila upande na ibada yake. Papa Paulo VI alipozuru Uganda mwaka 1969 alifika kwa Waanglikana pia, na Papa Fransisko mwaka 2015 alianzia huko kabla ya kwenda Basilika. Madhali wakubwa wametangulia, nawasihi maaskofu wa pande zote mbili, kwa taadhima, waamuru maandamano ya tarehe 3 Juni yaanzie mahali pa moto, watu wote pamoja, majina ya mashahidi wote yasomwe kwa sauti moja, kisha kila mmoja aende kwenye altare yake.