Chaki na simu vyatosha kupima kasi ya mashine

Fundi wa Kadutu, mjini Bukavu, anayekereza chuma hahitaji kipimo ghali ili ajue kasi ya mashine yake. Atie alama ya chaki kwenye kichwa kinachozunguka, arekodi kwa simu inayochukua picha 240 kwa sekunde, kisha ahesabu picha za mzunguko mmoja. Zikiwa 24, agawe 14,400, yaani picha za dakika moja, kwa 24: ni mizunguko 600 kwa dakika. Wapo wanaosema kibao cha mota kinatosha. Hakitoshi, kwani hutaja kasi ya mota, si ya kichwa baada ya puli na mikanda, na umeme wa Bukavu haushiki nguvu moja. Kweli, kasi ikipita 3,000 simu hukosea. Hapo mafundi wachangie kununua kipima mizunguko kinachotumia mwanga. Kwa mfano, diski ya kukatia ya milimita 230 huwa na kikomo cha mizunguko 6,600 hivi. Ikizidishiwa kasi, huweza kupasuka na kuua.