Mnawakatia Simu, Kisha Mnauliza Waliulizwa Nani

Ndugu zangu wa Migori na Homa Bay, ninyi ambao mgeni hatoki kwenu bila kuonja samaki, mmeingiwa na nini? Mtafiti wa maoni akipiga simu kuuliza kama zahanati ina dawa, mnamkatia kabla salamu haijaisha. Wengine humpokea, wakamdanganya makusudi ili wacheke, kana kwamba Mungu hasikii yasemwayo kwenye simu. Matokeo yakitangazwa, walewale ndio wanaopiga kelele kutoka stendi ya Rongo hadi ufuo wa Mbita: mbona sisi hatukuulizwa? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jioni hiyohiyo, mtu aliyekosa dakika kumi za mtafiti anabonyeza kura ya mtandaoni mara tatu kwa laini tatu, kisha anawahimiza wenzake wa WhatsApp nao wabonyeze. Huo anauita utafiti, eti kwa sababu waliojibu ni wengi! Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 na kutabiri kwamba Landon angeshinda urais. Roosevelt akachukua majimbo yote isipokuwa mawili. Majina lilikuwa limeyatoa zaidi katika orodha za wenye simu na magari. Mtafiti wa maoni Gallup, aliyehoji wachache kwa mpango, alimpata mshindi. Mnunuzi wa omena hamwagi gunia zima. Huchota konzi moja, ila huzamisha mkono hadi chini, maana juu muuzaji amepanga zinazong'aa. Watu 1,000 waliochaguliwa vyema hukosea kwa takriban asilimia 3 tu, juu au chini. Kura ya mtandaoni ni juu ya gunia: wenye bando na nafasi. Mama wa Kehancha mwenye simu ya kabambe isiyo na intaneti hayumo, lakini simu ya mtafiti humfikia. Asiye na simu kabisa hukosekana kote kuwili, ndiyo maana watafiti wa Afrobarometer bado hubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Mtasema matapeli wamejaa. Kweli, na aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Lakini mtafiti wa kweli haulizi namba ya siri ya M-Pesa wala haombi hata senti. Akiuliza hayo, mkatieni, nami nitawapongeza. Mtasema pia kwamba katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2022 kampuni kubwa za utafiti zilimweka Raila Odinga mbele, kisha tume ya uchaguzi, IEBC, ikamtangaza William Ruto mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Kidonda hicho nakijua, sikitoneshi. Ila pengo lilikuwa chini ya alama 2, na wanaokataa kujibu wakiwa wengi, mtafiti hubaki kukisia. Tena sheria ya mwaka 2012 inataka utafiti wa uchaguzi utaje mfadhili, idadi ya waliohojiwa na njia iliyotumika. Someni hayo kwanza, matusi baadaye.

Na kwa kuwa fimbo ningali nayo, wanaume wenzangu, sogeeni. Mtafiti anaomba kusema na mke, mume anang'ang'ania simu: "Niulize mimi, sisi ni kitu kimoja." Kitu kimoja! Mke ametoka alfajiri na mtungi, amekuta bomba kavu, amerudi nao mtupu. Bwana aliyekuwa amelala anamwambia mtafiti maji yapo tele.