Tumechoka kuona ndege kwenye mazishi na kampeni tu

Kama umekulia Kitale au Bungoma, hebu jiulize: mara ya mwisho kusimama karibu na ndege ilikuwa lini? Kwa wengi wetu jibu ni lile lile. Ni siku mheshimiwa alipotua na chopa kwenye uwanja wa shule, kwa mazishi au kwa kampeni. Vumbi likatimka, watoto wakatoka darasani mbio, na kabla hujaona vizuri, askari wakaanza kuwafukuza watu.

Hamu ipo, tena kubwa. Mei 2016, kijana mmoja wa Bungoma alining'inia kwenye chopa iliyokuwa imeleta mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma. Ikapaa naye. Alianguka, akaumia, lakini akapona. Mitandaoni alibandikwa jina la James Bond na Kenya nzima ikacheka. Lakini ukishamaliza kucheka, jiulize swali moja: kijana wa hapa kwetu anayetaka kuijua ndege anabisha mlango gani?

Msimamo wetu ni huu: eneo la Magharibi linahitaji makumbusho ya ndege kando ya kiwanja cha ndege, na Kitale ndipo pa kuanzia.

Usidhani ni ndoto ya mchana. Kule Uingereza, rubani mwenye ndege yake ndogo huomba ruhusa mapema, akatua Duxford, akalipa ada ya kutua, akaegesha na kuingia makumbusho kuona Concorde. Makumbusho mengine, Shuttleworth, yako Old Warden. Yana ndege ya Blériot ya mwaka wa 1909 ambayo injini yake bado inanguruma. Na njia ya kurukia ndege pale ni nyasi. Ndiyo, nyasi, kama ya uwanja wa mpira.

Wageni wa namna hiyo wanaleta faida mbili kwa mpigo. Wanaacha pesa, na wanaacha ndege yao pale nje, ambapo mwanafunzi anaweza kuiona na kumuuliza mwenyewe maswali.

Na hadithi ya kusimulia tunayo. Miaka ya 1930, ndege za Imperial Airways kutoka London zilikuwa zikitua Kisumu, nyingine zikitua juu ya maji ya ziwa. Mwaka wa 1929 mwanamke aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi. Uwanja wa Wilson unaousikia kila siku ulipewa jina lake mwaka wa 1962. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi mnamo Septemba 1936. Shirika la East African Airways lilianza 1946, likavunjika 1977, na mwaka huo huo Kenya Airways ikazaliwa. Halafu akaja Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza kuwa kapteni katika Kenya Airways. Ni wangapi kati yetu tulifunzwa haya shuleni?

Mbona Kitale? Kwanza, mji huu una damu ya makumbusho. Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake hapa mwaka wa 1926, na aliacha mali yake ili kazi hiyo iendelee. Jengo la sasa lilifunguliwa 1974, na hadi leo watu huenda kuona wadudu, ndege wa porini na boma za jamii za hapa. Kuongeza ndege za chuma si kuanza na moja.

Pili, umbali unafaa. Kutoka Wilson hadi Kitale ni kama kilomita 330 angani. Cessna 172, ile ndogo ya viti vinne, inafika kwa saa moja na nusu hivi. Kutoka hapo hadi Bungoma ni kilomita 70 tu. Rubani anaweza kulala Kitale Jumamosi, na Jumapili atue Matulo karibu na Webuye, apande kilima cha Chetambe ambako Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka wa 1895. Hapo kaunti zote mbili zimekula. Na mwenye hoteli, na wa boda, na mama wa chapati.

Tatu, Kitale yenyewe ni darasa. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, hasa jua likiwaka, kwa hiyo mabawa hayapati nguvu ya kutosha haraka na injini nayo inapungukiwa. Ndege inayoruka upesi Mombasa itahitaji njia ndefu zaidi Kitale. Mwalimu wa fizikia anaweza kuchora hilo ubaoni mpaka chaki iishe. Mwanafunzi akiliona kwa macho, hasahau.

Najua utasema: hospitali hazina dawa, barabara zina mashimo, pesa za makumbusho zitoke wapi? Swali la haki kabisa. Lakini hatuombi jumba la mabilioni. Tunaomba ndege moja isiyoruka tena, banda la mabati na mtu wa kueleza. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, imewahi kutoa notisi kwa wenye ndege zilizotelekezwa viwanjani mwake. Moja ikipatikana, wanafunzi wa Kitale National Polytechnic na wenzao wa Sang'alo waisafishe, waifungue injini, wajifunze. Ada za kutua na tiketi zitalipa mlinzi na umeme kwanza, mengine baadaye.

Wengine watasema ni starehe ya matajiri wenye ndege. Itakuwa hivyo tukiiacha iwe hivyo. Sharti liwe wazi tangu mwanzo: tiketi ya mwanafunzi iwe bei ya soda, na rubani mgeni aombwe kutenga nusu saa azungumze na watoto.

Leseni ya rubani wa kibinafsi inataka uwe na miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka. Saa hizo ni ghali, hatutakudanganya. Lakini ndege moja hairuki kwa sababu ya rubani pekee. Kuna fundi wa injini, fundi wa umeme, mwongozaji aliye mnarani, mtabiri wa hali ya hewa. Hizo ni kazi. Kijana wa Kiminini au Kimilili hawezi kuchagua kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanywa.

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la makumbusho. Kwa hiyo usiambiwe ni mambo ya Nairobi. Trans Nzoia na Bungoma wakiitisha kikao cha umma kuhusu bajeti, usiwaachie wazee peke yao. Nenda, inua mkono, muulize MCA wako: ndege moja kuukuu na banda la mabati, ni bei gani, na tunaanza lini?